Maana ya dhuluma kwa mwomba hifadhi, na kazi ya mahakama ombi linapokataliwa

Katika makala haya tunaeleza mambo mawili yanayokwenda pamoja: maana ya neno "dhuluma" katika sheria ya wakimbizi, na kazi ya mahakama pale ambapo mtu aliyeomba hifadhi amekataliwa. Huenda mambo haya yakaonekana kuwa ya mawakili peke yao. Hata hivyo, ndugu aliye Ulaya au Marekani anapopokea barua ya kukataliwa, kwa kawaida huwa amebakiwa na siku chache tu za kukata rufani, na mara nyingi watu wa kwanza anaowapigia simu ni wa nyumbani, paroko wake na wanajumuiya aliosali nao. Inafaa basi watu hao wajue barua ile inasema nini na haisemi nini.

Katika ukanda wetu wa Maziwa Makuu tumezoea sura nyingine ya ukimbizi. Warundi na Wakongo waliovuka kuingia Kigoma wamepokelewa mara nyingi kwa makundi, kwa kuwa hali ya walikotoka ilijulikana na kila mtu. Katika nchi za mbali mambo ni tofauti. Kila mtu huketi peke yake mbele ya afisa, akaeleza habari zake, akaulizwa maswali, kisha akapimwa kwa neno moja: je, anayoyahofu ni dhuluma?

Mkimbizi ni nani kisheria

Mkataba wa Kimataifa kuhusu Hali ya Wakimbizi ulipitishwa mjini Geneva tarehe 28 Julai 1951, Ulaya ikiwa bado inauguza majeraha ya Vita Kuu ya Pili. Mwanzoni ulihusu matukio ya kabla ya tarehe 1 Januari 1951 tu; Itifaki ya mwaka 1967 iliondoa mpaka huo. Kwa Mkataba huo, mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake, mwenye hofu yenye msingi ya kudhulumiwa kwa sababu ya mojawapo ya mambo matano: rangi au asili yake, dini yake, uraia wake, kuwa kwake katika kundi fulani la kijamii, au maoni yake ya kisiasa, na ambaye hawezi, au kwa sababu ya hofu hiyo hataki, kutegemea ulinzi wa nchi yake. Ibara ya 33 inakataza kumrudisha mtu wa namna hiyo mahali ambapo uhai au uhuru wake utakuwa hatarini.

Tunaona hapa nguzo nne: hofu, dhuluma, sababu na ulinzi. Ombi linalokataliwa huwa limeangushwa kwenye mojawapo ya hizo, au afisa hakuyaamini maelezo yenyewe. Kabla ya kufanya lolote, ni lazima kwanza kujua ni nguzo ipi iliyoanguka.

Neno ambalo Mkataba haukulifafanua

Mkataba unataja dhuluma bila kuieleza. Kitabu cha mwongozo cha Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, cha mwaka 1979 kinakiri kwamba hakuna tafsiri moja inayokubaliwa na wote. Kinachosisitiza ni kwamba tishio dhidi ya uhai au uhuru wa mtu kwa mojawapo ya sababu zile tano ni dhuluma daima. Zaidi ya hapo, kazi ya kulichimba neno hili imeachiwa majaji.

Wamekubaliana kwanza kwamba si kila taabu ni dhuluma. Njaa, ukame, ukosefu wa kazi, hata ubaguzi unaoumiza moyo bila kuharibu maisha, peke yake haumfanyi mtu kuwa mkimbizi kwa Mkataba wa 1951. Sheria ya Umoja wa Ulaya inasema kwamba kitendo kinapaswa kuwa kizito, ama kwa asili yake ama kwa kurudiwarudiwa, kiasi cha kuvunja vibaya haki msingi za binadamu. Lakini sheria hiyohiyo inaongeza jambo ambalo waombaji wengi hawalijui: hatua kadhaa ndogondogo, zikilundikana, zaweza kuwa sawa na pigo moja kubwa. Mtoto kufukuzwa shule, baba kunyimwa leseni ya biashara, nyumba kupekuliwa usiku mara kwa mara: afisa akiyapima moja moja atasema kila moja ni dogo. Sheria inamtaka ayapime kwa pamoja.

Jambo la pili walilokubaliana ni kwamba anayedhulumu si lazima awe serikali. Katika kesi ya Ward, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Kanada mwaka 1993, mwombaji alikuwa mtu wa Ireland ya Kaskazini aliyejiunga na kikundi chenye silaha. Alipewa kazi ya kulinda mateka; aliposikia kwamba watauawa, dhamiri ilimkataza, akawaachia watoroke. Wenzake walimtesa na kumhukumu kifo. Baada ya kutumikia kifungo kwa kosa la kuteka watu, alisaidiwa na mhudumu wa kiroho wa gereza kupata njia ya kwenda Kanada. Hoja dhidi yake ilikuwa kwamba serikali haikushirikiana na waliomwinda, hivyo hapakuwa na dhuluma. Mahakama iliikataa hoja hiyo: inatosha kwamba dola haiwezi kumlinda.

Mwaka 1999 Baraza la Malodi, lililokuwa wakati huo ngazi ya mwisho ya rufani nchini Uingereza, lilisikiliza kesi ya wanawake wawili wa Pakistan waliofukuzwa majumbani na waume zao, wakiwa katika hatari ya kusingiziwa uzinzi. Waume walitenda kwa chuki zao binafsi. Hata hivyo, wanawake hao hawakuweza kupata ulinzi wa sheria, na hawakuweza kwa sababu ni wanawake. Malodi waliona kwamba dhuluma ina sehemu mbili zinazojumlishwa: madhara makubwa, na dola kushindwa kumlinda mtu. Mkono unaopiga waweza kuwa wa mume, wa jirani au wa genge. Dhuluma hukamilika pale mlango wa polisi unapofungwa.

Kwa sababu gani, na kwa hofu ya kiasi gani

Madhara makubwa peke yake hayatoshi. Yapaswa kufungamana na mojawapo ya zile sababu tano. Hapa ndipo wengi wanapopoteza kesi. Kijana wa Guatemala alifuatwa nyumbani na wapiganaji wa msituni waliofunika nyuso zao, wakimtaka ajiunge nao. Alikataa, akakimbia. Mahakama Kuu ya Marekani, katika uamuzi wa mwaka 1992 uitwao Elias-Zacarias, ilisema kwamba kulazimishwa kujiunga na jeshi la waasi si lazima kuwe dhuluma kwa sababu ya maoni ya kisiasa. Mwombaji anapaswa kuonesha kwamba wanamwandama kwa sababu ya maoni yake yeye, si kwa sababu tu wanahitaji askari. Majaji watatu walipinga uamuzi huo, na hadi leo wanasheria wengi wanauona kuwa mkali. Lakini unafundisha jambo moja: swali la "walikufanya nini?" halikamiliki bila swali la "kwa nini wewe?"

Kuhusu hofu, sheria ina huruma zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mwombaji hatakiwi kuthibitisha kwamba bila shaka atadhulumiwa. Mwaka 1987 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya mwanamke wa Nicaragua ambaye kaka yake alikuwa ameteswa na kufungwa, ilieleza kwamba hata uwezekano wa asilimia 10 waweza kuifanya hofu iwe na msingi. Mwaka huohuo Malodi wa Uingereza, katika kesi ya Watamili wa Sri Lanka, walidai kiwango cha uwezekano wa kuridhisha, ambacho ni chini ya nusu kwa nusu. Sababu yake ni rahisi kuielewa: afisa akikosea kwa kumkubali asiyestahili, nchi inapata mkazi mmoja zaidi, akikosea kwa kumkataa anayestahili, kosa hilo huenda lisirekebishike tena.

Je, aambiwe akaifiche imani yake?

Kwa muda mrefu waombaji wa hifadhi kwa sababu ya dini walijibiwa hivi: rudi nyumbani, sali chumbani mwako kimyakimya, hakuna atakayekugusa. Nchini Ujerumani mahakama zilikuwa na fundisho kwamba hifadhi hulinda kiwango cha chini cha maisha ya dini, yaani imani ya moyoni na sala ya nyumbani. Aliyenyimwa kuikiri imani hadharani hakuhesabiwa kuwa amedhulumiwa.

Fundisho hilo lilifikishwa mbele ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya na kesi ya wanaume wawili wa Pakistan, waumini wa jumuiya ya Ahmadiyya. Sheria ya jinai ya nchi yao inamwadhibu Mwahmadiyya anayejiita Mwislamu au kuihubiri imani yake, kwa kifungo cha hadi miaka 3. Mamlaka ya Ujerumani ilikuwa imewakataa. Tarehe 5 Septemba 2012 majaji wa Luxembourg waliamua mambo matatu. Kwanza, si kila kizuizi cha dini ni dhuluma. Uzito wake ndio upimwao. Pili, uzito huo haupimwi kwa kuuliza kama kizuizi kimegusa sala ya faragha au ibada ya hadharani, bali kwa kutazama yatakayompata mtu: kushtakiwa, kufungwa, kutendewa unyama. Tatu, ikijulikana kwamba akirudi ataishi imani yake kwa namna itakayomtia hatarini, mamlaka haiwezi kumtaka aache ibada hizo ili awe salama.

Msomaji Mkatoliki atautambua msingi huu. Mtaguso wa Pili wa Vatikani, katika tamko lake Dignitatis humanae la tarehe 7 Desemba 1965, ulifundisha kwamba binadamu kwa maumbile yake ni kiumbe wa jumuiya, na kwa hiyo uhuru wa dini unajumuisha kuikiri imani kwa nje, pamoja na wengine. Haki hiyo si ya Wakatoliki peke yao. Ni ya kila mtu kwa sababu ya utu wake. Ndiyo maana tunauona uamuzi uliowahusu Waahmadiyya kuwa unamlinda pia Mkristo aliyebatizwa kwa siri, na kila muumini anayeambiwa kwamba ulimi wake ndio kosa lake.

Uingereza ilikwenda hatua moja mbele tarehe 25 Julai 2012, katika kesi ya raia wa Zimbabwe waliokuwa hawana siasa yoyote. Ilielezwa jinsi vijana wenye silaha huko kwao walivyosimamisha watu na kuwataka waoneshe utii kwa chama tawala. Serikali ya Uingereza ilisema kwamba wangeweza kudanganya ili wapite salama. Mahakama ya Juu ilikataa: mtu ana haki ya kuwa na maoni na haki ya kutokuwa nayo, wala halazimiki kununua usalama wake kwa uongo.

Mahakama hufanya nini, na haifanyi nini

Watu wengi hufikiri kwamba mahakama hulisikiliza ombi upya na kutoa hifadhi yenyewe. Mara nyingi sivyo. Inatupasa kutofautisha rufani na mapitio. Katika rufani kamili, hakimu husikiliza ushahidi na kuamua mwenyewe kama mtu ni mkimbizi. Nchini Uingereza rufani ya kwanza huenda kwa baraza la ngazi ya kwanza, na kwa kawaida aliye nchini ana siku 14 za kuikata. Baada ya hapo, ngazi za juu hutazama makosa ya kisheria tu.

Katika mapitio, mahakama haiulizi "je, ningeamua hivyo?" Huuliza: je, afisa alilielewa neno la sheria? Alizingatia ushahidi uliokuwa mbele yake? Alitoa sababu zinazoeleweka? Alimpa mwombaji nafasi ya kujibu? Nchini Marekani, baada ya jaji wa uhamiaji na bodi ya rufani, mtu ana siku 30 za kwenda mahakama ya rufani ya shirikisho, na mahakama hiyo haitengui matokeo ya ukweli isipokuwa pale ambapo kila mwamuzi mwenye busara angelazimika kuona kinyume chake. Ndiyo sababu wakili mzuri hutafuta kosa katika maana ya neno: je, afisa alidai mwombaji awe amepigwa kwanza, wakati sheria inatazama yatakayompata akirudi? Je, alisahau kulundika matukio madogo? Je, alimwambia akafiche imani?

Kesi moja ya mwaka 1987 huko Uingereza, iitwayo Bugdaycay, inatugusa kwa karibu. Miongoni mwa waliohusika alikuwa raia wa Uganda aliyefika Uingereza akitokea Kenya. Serikali ilitaka kumrudisha Kenya, ikisema huko hana la kuhofu. Malodi waliona kwamba palikuwa na ushahidi wa Waganda waliorudishwa kwao kutoka Kenya, na kwamba Waziri hakuupima. Uamuzi ukatenguliwa. Kutoka hapo ulizaliwa msimamo unaotajwa hadi leo: pale uamuzi wa serikali unapoweza kuuweka uhai wa mtu hatarini, mahakama lazima iuchunguze kwa makini ya hali ya juu kabisa.

Mtu akishinda, mara nyingi shauri hurudishwa kwa waamuzi wa awali liamuliwe upya kwa sheria sahihi. Hata Ward, baada ya ushindi wake mkubwa, alirudishwa kwenye bodi, kwa kuwa lilibaki swali kuhusu uraia wake wa Uingereza. Tunalisema hili ili familia isipige vigelegele mapema, wala isikate tamaa ikisikia kwamba kesi "imerudi nyuma".

Neno linapopotea kwenye tafsiri

Wapo wasemaji wa Kiswahili, hasa kutoka mashariki mwa Kongo, ambao hutoa maelezo yao kupitia mkalimani. Tunapaswa kulitaja hili kwa uwazi. Mtu akisema "walinisumbua sana", kinywani mwake neno hilo laweza kubeba kipigo, uporaji na siku kadhaa za mahabusu. Likitafsiriwa kuwa alikerwa tu, dhuluma imetoweka kabla afisa hajaanza kuandika. Vivyo hivyo "dhuluma" kwa wengi wetu ni kunyang'anywa haki au mali, na "mateso" ni maumivu ya aina yoyote. Aibu nayo hufunika mengi: mwanamke aliyebakwa husema "walinifanyia vibaya" na kunyamaza. Baadaye akieleza kinaganaga, huambiwa amebadilisha maneno. Mwombaji na aeleze tendo lenyewe, mahali, wakati na aliyelitenda, badala ya kutegemea neno moja lenye uzito.

Barua ya paroko na cheti cha ubatizo

Maparoko huombwa barua za kuthibitisha kwamba mtu ni mwamini, au kwamba alitishiwa. Barua ya namna hiyo ina thamani ikisema kile tu ambacho paroko anakijua: tangu lini amemfahamu, alishiriki nini, alishuhudia nini kwa macho yake. Ikitiwa chumvi, humwangusha mwombaji mwenyewe, kwa kuwa afisa akigundua uongo mmoja hutilia shaka yote.

Wala cheti cha ubatizo si ufunguo wa kila mlango. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, katika uamuzi wa tarehe 3 Aprili 2020 uliomhusu Mwirani aliyeongokea Ukristo, ilieleza kwamba mahakama za serikali hazihoji uhalali wa ubatizo uliotolewa na Kanisa, lakini zina haki ya kuchunguza kama imani hiyo imekuwa kiini cha maisha ya mtu, kiasi kwamba hatari itamfuata akirudi. Anayeishi imani yake na jumuiya, wiki hadi wiki, ana ushahidi ambao hauandikwi kwenye cheti.

Mlango mpana zaidi wa Afrika

Afrika iliona mapema kwamba neno dhuluma peke yake halitoshi. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliotiwa saini Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969 na kuanza kutumika mwaka 1974, unamtambua pia kuwa mkimbizi yule aliyekimbia uvamizi kutoka nje, kukaliwa na wageni, au matukio yanayovuruga vibaya amani ya umma katika sehemu au nchi nzima. Mwanamke aliyekimbia mapigano Kivu hahitaji kueleza kwa nini risasi ilimlenga yeye. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998, ya Uganda ya mwaka 2006 na ya Kenya ya mwaka 2021 zote zimeupokea mlango huo. Ya Uganda imeongeza jambo: inamtambua pia anayehofu kudhulumiwa kwa kukataa mila zinazobagua kwa jinsia.

Lakini mlango huu ni wa Afrika. Mkongo aliyepewa hifadhi hapa kwa sababu ya vita asidhani kwamba maelezo hayohayo yatatosha Brussels au Toronto. Huko ataulizwa tena: kwa nini wewe?

Yanayompasa aliyekataliwa

Aisome barua siku ileile aliyoipokea, na aandike tarehe ya mwisho ya rufani. Atafute wakili aliyesajiliwa au shirika la msaada wa kisheria. Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, lililoanzishwa na Padre Pedro Arrupe mwaka 1980, na ofisi za Caritas katika nchi nyingi huweza kumwelekeza. Aombe nakala ya mahojiano yake, aipitie neno kwa neno na mtu anayejua lugha zote mbili, na aseme mapema palipokosewa. Asinunue maelezo ya kutunga kutoka kwa madalali.

Nasi tuliobaki nyumbani tunaweza kumtumia vielelezo vya kweli: hati ya kukamatwa, cheti cha hospitali, picha ya nyumba iliyochomwa, ushuhuda wa jirani. Tusimtume mtu polisi kutafuta karatasi ikiwa kwa kufanya hivyo tutawaonesha wanaomwinda mahali alipo. Na akituambia anayoyahofu, tumsikilize hadi mwisho, kwa sababu mara nyingi maneno atakayomwambia afisa huwa ameyasema kwanza kwa mtu aliyemwamini.